Ile .22 ya babu

Wazazi wenzangu, mzee aliyebahatika kuwa na bunduki ya .22 aliipenda kuliko redio yake, nami namwelewa. Ni nyepesi, haipigi bega, mlio wake haushtui ng'ombe zizini. Brno ya Czechoslovakia ikipakwa mafuta hudumu hadi kwa wajukuu. Kwa kanga wanaofukua mbegu shambani, ilitosha kabisa.

Shida ni huo udogo. Mtoto wa hapa Daudi akiokota risasi nyembamba kuliko penseli yake, ataiona ya kuchezea. Kumbe inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1, na inaua. Tena risasi kubwa huwa na kiwashio katikati ya kitako cha ganda, lakini ya .22 kimezunguka ukingo wote. Mtoto akiigonga ukingoni kwa jiwe, inaweza kulipuka. Mkiikuta kwenye koti la marehemu, msiitupe jalalani wala motoni.

Na bunduki yenyewe? Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali ni cha yule aliyepewa. Shamba mtagawana, ng'ombe mtagawana (na kununiana kidogo), lakini bunduki hairithiwi hivyo. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji, pigeni simu polisi waelekeze namna ya kuikabidhi, msiipakie bodaboda kimyakimya. Mjukuu anayeipenda kweli aombe kibali kwa jina lake mwenyewe.