Njumu za laki tano kwa mpira wa jioni, za nini?

NENDA uwanja wowote wa mchangani Dar es Salaam saa 11 jioni, kabla mpira haujawekwa kati. Usiangalie sura, angalia chini. Utaona njumu za rangi ya limao, za pinki, za bluu ya kung'aa, nyingine zimeshonewa soksi humohumo hadi juu ya kifundo. Kwa miguu tu, unaweza kudhani ni fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Halafu mpira unaanza. Dakika ya tatu, jamaa wa njumu za pinki anapelekewa pasi ya mita tano, inampita chini ya soli na kwenda kumpiga muuza mihogo. Uwanja mzima unacheka.

Hakuna ubaya wa mtu kupendeza uwanjani. Mpira ni starehe, na hela ni ya aliyeitafuta. Lakini siku hizi vijana wengi wanakopa, wanacheza vikoba na wengine wanauza simu ili wapate njumu za kiwango kile kile anachovaa staa wa Real Madrid. Mtu hana mkataba, hana posho, anacheza Jumamosi na Jumapili tu, na Jumatatu yupo kazini. Je, hela yote hiyo inamrudia kwa njia yoyote?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hairudi. Jibu refu linahitaji kujua kwanza hiyo hela inalipia kitu gani.

BEI INALIPIA NINI?

Kampuni kubwa haziuzi njumu moja kwa bei moja. Nike wana daraja la juu wanaloliita Elite, chini yake Pro, kisha Academy, kisha Club. Adidas nao wana Elite, Pro, League na Club. Jina la njumu ni lilelile, rangi ni ileile, na ukisimama mita 20 huwezi kutofautisha. Bei ndiyo inayotofautisha. Zile za juu kabisa hupita dola 200 huko Ulaya na Marekani, yaani zaidi ya Sh500,000 za hapa kabla hujalipa gharama ya kuzileta. Zile za chini kabisa zinacheza kwenye dola 60 hivi.

Tofauti hiyo siyo utapeli. Njumu ya daraja la juu ni nyepesi, ngozi yake ya juu ni nyembamba na inaukumbatia mguu, soli yake inarudisha nguvu haraka unapokanyaga. Winga anayekimbizana na beki wa Ligi Kuu anaihisi tofauti hiyo, kwa sababu kwake nusu hatua ni bao.

Sasa angalia ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ilitengenezwa kwa mtu anayelipwa kukimbia, mwenye mtunza vifaa, anayechezea kwenye nyasi zilizomwagiwa maji, na ambaye akiona imechoka anapewa nyingine bure na mdhamini. Mtengenezaji alipochagua kati ya wepesi na uimara, alichagua wepesi. Ukiichukua ngozi nyembamba kama ile ukaipeleka kwenye kokoto za mchangani, usishangae kidole gumba kikichungulia nje kabla msimu haujaisha. Daraja la kati, ambalo ngozi yake ni nene na soli yake ni nzito kidogo, linaweza kukuzika wewe kabla hujalizika.

SOMO LA MTURUKI

Ubishi huu haupo kwenye soka tu. Wapiga shabaha wa Ulaya wanaochezea bunduki za upepo wana ubishi uleule kila siku, kama mtu wa kujifurahisha anahitaji bunduki ya euro elfu mbili na zaidi, au ile ya mia chache inamtosha.

Kuna mtu dunia nzima ilimfanya kuwa jibu la ubishi huo. Julai 30, 2024, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, Yusuf Dikec wa Uturuki alisimama kwenye shabaha ya bastola ya upepo ya mita 10. Wapinzani kadhaa walivaa miwani maalumu yenye lenzi moja na kizuizi cha jicho la pili. Yeye alivaa fulana, miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, basi. Akiwa na miaka 51, yeye na mwenzake Sevval Ilayda Tarhan wakaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko. Picha yake ikazunguka dunia nzima na watu wakasema: mmeona, vifaa si lolote.

Hapo watu waliisoma picha nusu. Bastola aliyoishika Dikec haikuwa ya kuchezea watoto, ilikuwa bastola ya mashindano kama za wenzake. Alichoacha nyumbani ni mapambo yaliyobaki. Na kitu kingine ambacho picha haikuonyesha ni kwamba alikuwa akishiriki Olimpiki tangu Beijing mwaka 2008. Miaka yote hiyo alikuwa akinyoosha mkono uleule kwenye shabaha ileile.

Kwa hiyo somo lake ni hili: jua kifaa kimoja ambacho mchezo wako hauwezi kwenda bila hicho, kiwe sahihi, halafu mengine maliza kwa mazoezi. Kwa mpiga shabaha, kifaa hicho ni mtutu ulionyooka na kifyatulio kisichomsumbua kidole. Kwa mcheza mpira wa jioni, ni soli.

ARDHI KWANZA, JINA BAADAYE

Kisa maarufu kuliko vyote cha njumu ni cha Julai 4, 1954, mjini Bern, Uswisi, kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Hungary ilikuwa haijafungwa tangu mwaka 1950, na kwenye makundi iliitandika Ujerumani Magharibi mabao 8-3. Siku ya fainali mvua ikanyesha. Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, alikuwa amewatengenezea Wajerumani njumu za meno ya kufungua na kufunga, hivyo wakaweka meno marefu yanayoshika tope. Hungary ilitangulia kwa mabao mawili ndani ya dakika nane, lakini ikafa 3-2.

Njumu hazikufunga bao, aliyefunga mawili, likiwemo la ushindi, ni Helmut Rahn. Lakini zilisaidia kwa sababu ziliendana na ardhi ya siku ile. Kama jua lingewaka na uwanja ungekuwa mkavu, meno yale marefu yangekuwa mzigo.

Sasa rudi mchangani. Njumu nyingi za bei mbaya zinazoonekana huku zina alama ya FG, yaani zimetengenezwa kwa ajili ya nyasi za asili zilizokauka vizuri. Meno yake ni machache, marefu, na yanataka kuzama. Uwanja wa udongo uliokandamizwa na malori hauzamishi kitu. Mchezaji anabaki amesimama juu ya meno kama mtu aliyevaa viatu vya kisigino, uzito wake wote unasukuma sehemu chache za unyayo, na akigeuka ghafla kifundo na goti ndivyo vinavyolipa deni.

Kwenye nyasi bandia, kama za Kaitaba kule Bukoba au Nyamagana jijini Mwanza, tatizo linageuka. Meno marefu yananasa, mwili unageuka mguu ukiwa umebaki. Ndiyo maana kuna soli yenye alama ya AG kwa ajili ya nyasi hizo, na TF yenye vijino vingi vifupi vya mpira.

Hizo TF ndizo zinazoufaa zaidi uwanja mgumu wa vumbi, na mara nyingi zinauzwa bei ya chini kuliko FG za juu. Kwa maneno mengine, kijana anatoa hela nyingi zaidi ili apate kiatu kinachomfaa kidogo zaidi. Muuzaji wa Kariakoo hatakwambia hivyo. Atakwambia, "Kaka, hizi ndizo anazovaa Mbappe."

KROOS NA NJUMU ZILEZILE

Kama njumu mpya za kila msimu zingekuwa siri ya mpira mzuri, Toni Kroos angekuwa benchi. Kiungo huyo wa Ujerumani alivaa aina moja ya njumu za Adidas kwa takriban miaka 10, wakati kampuni yenyewe imeshatoa matoleo mengi mapya. Juni 1, 2024, akiwa Real Madrid, alizivaa kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley, akapiga kona iliyomkuta Dani Carvajal, bao. Madrid ikashinda 2-0 dhidi ya Borussia Dortmund, akachukua kombe na baada ya Euro akatundika daluga.

Ni kweli Kroos hakuwa akinunua, alikuwa akiletewa. Lakini angeweza kuletewa yoyote aliyoitaka duniani, na bado alichagua ile ambayo mguu wake ulishaizoea. Wahenga walishasema, mchagua jembe si mkulima.

UKWELI WA UPANDE WA PILI

Watetezi wa njumu za bei mbaya wana hoja, na siyo ya kupuuza. Wanasema ukienda kwenye majaribio na viatu vilivyochanika, kocha anakuhukumu kabla hujagusa mpira. Sadio Mane amewahi kusimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa Dakar akiwa kijana, aliulizwa kama kweli anataka kucheza na njumu zile kuukuu. Alicheza, akawanyamazisha, lakini siyo kila mtu ni Mane. Wapo waliorudishwa nyumbani kwa macho tu.

Hilo ni kosa la makocha, na lisemwe wazi. Kocha anayechagua wachezaji kwa kutazama miguu imevaa nini badala ya miguu inafanya nini ndiye anayewapeleka vijana kwenye mikopo. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inamtaka mchezaji avae viatu, haijasema vya nani.

Hoja ya pili ni kwamba cha bei chee nacho kinaumiza. Ni kweli pia. Kuna njumu za plastiki ngumu zinazouzwa barabarani, zinatoa malengelenge siku ya kwanza na soli inaachia siku ya tano. Kuna feki zenye nembo zote, bei ya katikati, na ndani hamna kitu. Mwenye kununua tatu za aina hiyo kwa mwaka amepoteza hela kama mwenzake wa laki tano, tena na miguu yenye vidonda juu.

HESABU YA BODABODA

Chukua kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu ya Sh10,000 kwa siku. Njumu za Sh500,000 ni hesabu ya siku 50. Katika timu hiyo hiyo anayochezea, mpira ni mmoja na umeshaanza kutoa uvimbe kama embe. Sanduku la huduma ya kwanza ni chupa ya maji ya kandoro. Nusu ya wachezaji hawana vikinga ugoko, na anayetoka anamwachia njumu zake anayeingia.

Kijana huyu akichukua njumu za daraja la kati, zenye soli inayoendana na uwanja wake, anabakiwa na zaidi ya nusu ya hela. Hapo anapata vikinga ugoko, soksi nzuri, bandeji ya kifundo, na anachangia mpira mpya wa timu. Mpira mzuri unawafundisha kutuliza na kupasia watu 20. Njumu za pinki zinamfurahisha mmoja.

Asiye na hela hiyo asikate tamaa. Soko la Karume pale Ilala, jirani na Uwanja wa Karume, mitumba ya njumu inapatikana, na mtumba orijino wa daraja la kati unaishi kuliko feki mpya. Pinda soli uone kama gundi inaachia, pima urefu wa meno, ijaribu ukiwa umevaa soksi za mpira, na uende saa za jioni mguu ukiwa umetanuka. Ikikubana dukani, usidanganywe kwamba itaachia. Uwanjani itakubana zaidi.

Je, kuna wa mchangani anayestahili njumu za laki tano? Yupo. Ni yule anayecheza mara nne kwa wiki, uwanja wake una nyasi za kweli, anajua kwa nini anataka wepesi, na hakuna ada ya mtoto wala kodi ya nyumba iliyosogezwa ili zipatikane. Huyo anunue na avae kwa raha zake.

Wengine wote waanze na soli, wafuate saizi, na jina la kampuni liwe la mwisho. Hela inayobaki ipelekwe kwenye mpira na vikinga ugoko. Na ile pasi ya mita tano iliyopita chini ya soli dawa yake haiuzwi Kariakoo. Ni kurudi uwanjani Jumanne na Alhamisi, watu wawili, mpira mmoja na ukuta.