Leseni Isomwe Kabla ya Data Kuingizwa

Katika zama hizi za kompyuta imezuka tabia ya kuiita kila programu inayopatikana bila malipo kuwa ni "huria". Tabia hiyo ni ya hatari. Kinachotolewa bure leo chaweza kutozwa bei kesho. Lakini uhuru wa kuitumia programu, kuyasoma maandishi yake ya asili, kuyarekebisha na kuwagawia wengine ni haki iliyoandikwa katika hati. Hati hiyo ni leseni.

Mfano ulio wazi ni ule wa hifadhidata za grafu. Hifadhidata ya kawaida hupanga habari katika majedwali, kama daftari la mahudhurio shuleni. Hifadhidata ya grafu huhifadhi vitu pamoja na uhusiano ulio baina yao: mwalimu huyu anafundisha shule hii, na shule hii imo katika kata ile. Kwa njia hiyo maswali yanayopita katika uhusiano wa ngazi nyingi hujibiwa kwa wepesi. Ndiyo maana hata mabenki huitumia kuwasaka walaghai.

Programu mashuhuri ya aina hiyo ni Neo4j, iliyoanzia Uswidi, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1910 + 100, yaani 2010. Kwa miaka kadhaa sehemu yake ya Enterprise, iliyokusudiwa mashirika, ilipatikana pia chini ya leseni huria ya AGPL. Mwezi Mei 2018 yaliongezwa masharti ya Commons Clause, yanayokataza kuiuza programu. Novemba mwaka huo huo, toleo la 3.5 lilipotoka, maandishi ya asili ya sehemu hiyo hayakutolewa tena kwa umma. Sehemu ya Community ilibaki chini ya GPL, lakini haina uwezo wa kuziendesha kompyuta kadhaa kama kundi moja. Aliyekuwa ameijenga kazi yake juu ya uwezo huo alibakiwa na njia tatu: kulipa, kung'ang'ania toleo la zamani, au kuhama.

Wapo watakaouliza: je, waundaji wa programu hawastahili ujira? Wanastahili. Vyaelea, vimeundwa. Tena malalamiko yao yana msingi, kwani makampuni makubwa yanayokodisha kompyuta yamekuwa yakizichukua programu huria na kuziuza kama huduma. Hata hivyo, leseni inapobanwa ili kumzuia mkubwa, mzigo humwangukia pia mdogo ambaye hakumnyonya mtu.

Kisa cha Titan chatoa fundisho jingine. Hifadhidata hiyo ya grafu ilikuwa chini ya leseni ya Apache 2.0. Mwaka 2015 kampuni iliyoiunda ilinunuliwa na DataStax, na baadaye kazi ya kuiendeleza ikasimama. Kwa kuwa leseni iliruhusu, Januari 2017 wataalamu wa makampuni mbalimbali waliyachukua maandishi yale na kuanzisha JanusGraph chini ya Linux Foundation. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2023. Watumiaji wa Titan hawakuokolewa na huruma ya mnunuzi. Waliokolewa na leseni, pamoja na watu waliokuwa tayari kufanya kazi; maana leseni pekee haiandiki programu.

Hivyo basi, mtumishi wa umma au mwalimu mkuu anayekabidhiwa jukumu la kuchagua programu hana budi kuuliza maswali matatu. Kwanza, toleo hili jipya, si lile la mwaka jana, liko chini ya leseni gani? Pili, je, yupo mmiliki mmoja awezaye kuibadili leseni hiyo peke yake? Tatu, data ikiisha kuingia, yaweza kutolewa na kupelekwa kwingine? Katika swali hili la mwisho pana faraja: Aprili 2024 shirika la viwango la ISO lilichapisha GQL, lugha sanifu ya kuulizia hifadhidata za grafu. Kadiri programu nyingi zitakavyoifuata, ndivyo gharama ya kuhama itakavyopungua.

Kuyauliza maswali hayo mapema hakugharimu fedha. Kuyauliza baada ya kumbukumbu za miaka kumi kuingizwa ni kujadiliana bei na mwenye ufunguo wa ghala ambalo nafaka yako imo ndani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.