Asistani sosiali wa Beni na Butembo: kati ya juji, mutoto na majirani

Katika inchi zingine, mutu aliyehukumiwa anaweza kubaki nyumbani huku afisa wa serikali anamufuata. Kwetu, kazi inayokaribia hiyo ni ya asistani sosiali kwenye tribinali ya watoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamuruhusu juji kuweka mutoto kwa muda chini ya mamlaka yake, kwa kushirikiana na wazazi. Ni yeye pia anaenda kwenye avenyu, anauliza wazazi na majirani, kisha anaandika ripoti.

Shida inaanzia kwenye avenyu.

Tuchukue kijana aliyekamatwa porini upande wa Beni, hana hati ya kuzaliwa. Anasema ana miaka 17. Kama ni kweli, korti ya kijeshi haina haki ya kumuhukumu. Kama ana 19, ndiko anaenda. Sheria inasema mashaka yakiwa makubwa juu ya umri, ahesabiwe mutoto. Lakini asistani sosiali ni mukaaji wa hapa hapa, pengine naye amezika ndugu aliyeuawa na ADF. Majirani wanamuuliza: wewe unatetea wauaji? Hawezi kuwajibu, sababu siri ya mutoto haitoke inje. Hata bibi yake nyumbani hapaswi kuisikia.

Halafu kuna pesa ya moto. Kufika Oicha ao Kyondo siyo bure. Familia ikilipa moto, ripoti ingali huru? Na asipoenda, ataandika nini? Binafsi naona hapo serikali inamubebesha mutu dhambi isiyo yake.

Uoga nao uko. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, Beni, lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 1.300 wakatoroka. Usiku wa 9 kuamkia 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800. Mutu ambaye ripoti yake ilichangia kumufungisha mwengine, usiku ule alilala namna gani? Na asubuhi alipaswa kurudi kwenye avenyu zile zile, kuuliza maulizo yale yale.

Kwa muzazi anayesoma hapa: asistani sosiali akifika kwenu, hakuja kukamata mutu. Anakuja kuuliza. Mumuambie umri wa kweli wa mutoto, na kama kadi ya batizo ao ya chanjo iko, mumuonyeshe.