Springi za spoti, barabara ipi?

Jamani wadau, mimi na kaka hatuelewani. Kadunduliza hela miaka, sasa anaagiza BMW Z4 ya 2004 kutoka Japani, ile ya viti viwili na paa la turubai, na anang'ang'ania yenye springi za spoti. Mimi nasema za kawaida. Za spoti ni ngumu halafu zinaishusha gari milimita 15. Na Z4 ile ilitoka kiwandani na tairi zinazotembea hata zikipata pancha, ubavu wake mgumu tayari. Kila shimo utalisikia kiunoni! Kwenye kona raha, sikatai. Ila Dar kona ziko wapi? Kuna matuta. Hela inayobaki anunue shokapu mpya, maana gari ni kuukuu. Kaniita mwalimu wa chaki. Haya, bampa likibaki kwenye tuta asinipigie.