Vitisho Havimnyooshi Kijana

Imani kwamba kijana mkorofi hunyooka akitiwa hofu ya kutosha ina wafuasi kila mahali: kwenye vikao vya wazazi, mikutano ya serikali za mitaa, vijiwe vya kahawa, na mara nyingi kwenye meza za watoa maamuzi. Apelekwe gerezani akajionee. Akimbizwe mchakamchaka kambini. Aachiwe askari mwenye mkono mzito kwa siku mbili tatu. Dawa hii imepimwa kwa makini kuliko nyingi za aina yake, na matokeo yake ni mabaya kuliko kutofanya lolote.

Kipimo maarufu kilianzia gereza la Rahway, jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1976 wafungwa wa kifungo cha maisha walianza kuletewa vijana watukutu, wakawa wanawafokea, kuwatukana na kuwasimulia yanayowapata wanyonge ndani ya kuta zile. Mwaka 1978 ikatoka filamu, Scared Straight!, iliyodai kwamba kati ya vijana 17 walioonekana humo, 16 walikuwa wametulia miezi mitatu baadaye. Filamu ikapata tuzo ya Oscar, na majimbo mengine yakaiga mpango. Katika shangwe hiyo lilisahaulika swali ambalo mkulima yeyote anayejaribu mbolea mpya hujiuliza: shamba lisilotiwa mbolea limetoa magunia mangapi?

James Finckenauer wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliuliza swali hilo. Aliwafuatilia vijana waliopelekwa Rahway pamoja na wengine wa aina yao ambao hawakupelekwa. Ndani ya miezi 6, asilimia 41 ya waliotishwa walikuwa wamefanya kosa jipya. Kwa wasiotishwa ilikuwa asilimia 11. Makundi yake yalikuwa madogo, na watetezi wa mpango waling'ang'ania hapo. Baadaye Anthony Petrosino na wenzake wakakusanya majaribio 9 yaliyofanywa Marekani kati ya 1967 na 1992, ambamo vijana karibu 1,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapelekwa gerezani na wengine wakaachwa. Mwelekeo ukawa uleule: waliopelekwa walirudia uhalifu zaidi.

Imani inaendelea kuishi kwa sababu vijana wengi huacha ukorofi wenyewe wanapokua, wakipata kazi, mke au akili. Chochote walichofanyiwa kabla ya hapo, hata kama ni maji ya baraka au viboko, kitapewa sifa. Ndiyo kasoro ya ushuhuda wa wazee wanaosema wao walichapwa wakanyooka. Waliochapwa vilevile wakaishia gereza la Ukonga hawapo kijiweni kusimulia upande wao.

Tena hofu si kitu kilichopungua mitaani. Kijana wa Manzese jijini Dar es Salaam au Kisauni mjini Mombasa amekwisha kumwona mwizi akivalishwa tairi na kuchomwa moto mchana kweupe. Kama kitisho kingekuwa mwalimu, huyo angekuwa amehitimu tangu darasa la nne. Januari 2015, Dar es Salaam ilipoingiwa na kiwewe cha magenge ya vijana waporaji yaliyoitwa Panya Road, polisi walikamata vijana kwa mamia. Mwaka 2022 jina hilohilo likarudi, na mapanga yake.

Vitisho vinadhani kwamba kijana hupiga hesabu ya faida na hasara kabla ya kupiga mtu. Mara nyingi kisu huchomolewa kwa sababu ya tusi, msichana au deni la shilingi elfu mbili, na jambo lote huisha kabla hesabu yoyote haijaanza. Ziara ya gerezani nayo humpa sifa: amekaa uso kwa uso na wauaji, karudi mzima. Basi lililompeleka, kwa wema wa waandalizi, limemkutanisha na watukutu wa mitaa mingine.

Mipango iliyofaa huanzia penye hasira yenyewe. Mjini Chicago, mpango wa Becoming a Man huwakusanya wavulana shuleni kila wiki. Katika zoezi mojawapo, mmoja hupewa mpira, mwenzake huambiwa auchukue. Hukabana mpaka jasho liwatoke, kisha kiongozi huuliza kwa nini hakuomba tu. Majaribio yalionyesha kwamba vijana hao walikamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu pungufu kwa asilimia 45 hadi 50 wakati mpango ukiendelea. Ulipokwisha, tofauti katika ukamataji ilififia; mafunzo ya namna hii yanahitaji muda.

Anayesema Chicago si Afrika atazame Monrovia, Liberia. Huko wanaume 999, wengi wao wezi, wauza dawa za kulevya na wapiganaji wa zamani, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipata wiki nane za mafunzo ya kuzuia hasira na kujiona upya: kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia benki bila kufukuzwa. Wengine walipewa dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Fedha peke yake ilisaidia kwa muda mfupi, mafunzo peke yake yakapungua nguvu. Waliopata vyote viwili walikuwa bado na uhalifu pungufu kwa karibu nusu miaka 10 baadaye.

Tanzania tayari ina upande mmoja wa mpango huo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Lakini mikopo hiyo hupitia vikundi vilivyosajiliwa, vyenye katiba, mwenyekiti na mhasibu, na kijana mwenye panga hayumo humo. Wa kumfuata maskani, akae naye wiki nane kabla fedha haijatajwa, hana fungu kwenye sheria hiyo.