Kipimo Kimoja cha Choo Hakitoshi

Katika maabara zinazofuga panya wa utafiti, anayetafuta minyoo hategemei njia moja. Mnyoo aitwaye Syphacia hutaga mayai kuzunguka mkundu wa panya, kwa hiyo mayai hayo hunaswa kwa utepe wa gundi. Mwingine, Aspiculuris, hutaga utumboni, na mayai yake hutafutwa kwenye kinyesi. Miongozo ya Ulaya inataka uchunguzi huo urudiwe walau kila miezi 3. Mgonjwa anayepima choo katika mji wa Mbalizi, Mbeya, anastahili umakini huohuo, hasa anayetafutwa akiwa tegu wa nguruwe.

Ushahidi tunao jirani. Utafiti uliofanyika Mbozi, wilaya iliyokuwa katika Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuanzishwa 2016, ulichapishwa mwaka 2013. Kwa darubini, tegu alionekana kwa asilimia 1.1 ya waliopimwa. Kwa kipimo kinachonasa antijeni za mnyoo mwenyewe, asilimia 5.2. Hata tukikubali kwamba kipimo cha pili nacho hukosea, pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa. Tegu hatoi mayai kila siku, na choo cha leo kinaweza kuwa kitupu huku mnyoo wa mita kadhaa akiwa amejishika kwenye utumbo. Zaidi ya hapo, darubini haitofautishi mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe, ilhali ni ya yule wa nguruwe ambayo, mtu akiyameza, lava wake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Anayeambiwa hana mnyoo ilhali anaye hurudi nyumbani kuwaandalia wenzake chakula.

Wapo wanaosema tugawe tu praziquantel kwa wote. Dawa hiyo humuua tegu kweli, lakini hufika pia ubongoni, na kwa mwenye lava huko inaweza kuamsha degedege. Kuigawa bila kuuliza habari za kifafa ni hatari. Hoja ya gharama ina uzito zaidi: kipimo cha antijeni hakiwezi kuwekwa kila zahanati. Ila kumuuliza mgonjwa kama huona vipande bapa vyeupe chooni hakugharimu kitu, na kuchukua sampuli 3 za siku tofauti kunagharimu kidogo. Sampuli zinazobaki na shaka zipelekwe Mbeya mjini, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo cha utafiti, tukianza na familia zenye mgonjwa wa kifafa.