Mama Anapochoka Kupita Kiasi

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya uchovu. Hatusemi ule uchovu wa siku moja, ambao ukilala usingizi mzuri, asubuhi umekwisha. Tunasema juu ya uchovu ambao mama anaamka nao, anakwenda nao kazini, anarudi nao nyumbani na kulala nao tena. Ni uchovu unaomfanya mama amwone hata mtoto wake anayemkimbilia mlangoni kama mzigo mwingine ulioongezwa kichwani.

Tuangalie siku ya mama wa huku kwetu Vingunguti. Wako wanaofanya kazi katika viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere, wako walimu na wauguzi, wako wanaopanda daladala kwenda Kariakoo na Posta, na wako wanaouza chai na supu jirani na machinjio, ambako biashara huanza kabla jua halijachomoza. Kazi zao ni mbalimbali, lakini siku zao zinafanana. Saa kumi alfajiri mama yuko macho. Anawasha jiko, anajaza ndoo za maji, anaandaa sare za watoto, anafagia. Saa kumi na mbili yuko kituoni akigombania daladala. Usiku unaingia ndipo anarudi, amesimama njia nzima, na hapo kazi ya pili inaanza: chakula, vyombo, madaftari ya watoto, nguo za kesho. Kama analala saa nne usiku, amekuwa wima kwa saa 18. Katika hizo, anazolipwa ni nane au tisa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1989 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wanandoa ambao wote wawili wanafanya kazi za mshahara. Aliona kuwa mke akirudi nyumbani huanza zamu ya pili, ambayo haina malipo. Nasi ambao wengi wetu tunafua kwa mikono na kubeba maji kwa madumu, tunaijua vizuri zamu hiyo.

Si uvivu, wala si upungufu wa imani

Mama aliyefika hali hii mara nyingi hujilaumu. Hudhani amekuwa mvivu, au hasali vya kutosha. Wengine nao humwambia avumilie tu, maana mama zetu walivumilia.

Wataalamu wanaieleza hali hii kwa namna nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliifafanua katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, mtu akaifanya kwa kuichukia au kwa dharau. Ya tatu ni kushindwa kufanya vizuri yale aliyokuwa akiyaweza.

Maelezo hayo yanahusu kazi ya ajira. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wameonyesha kwamba hata kazi ya kulea inaweza kumchosha mzazi kiasi hicho. Mwaka 2021 wao na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 42. Hali hiyo ilionekana zaidi katika nchi ambazo kila familia inajitegemea yenyewe, kuliko zile ambazo watu wanaishi kwa kushirikiana. Wahenga wetu walikwisha kusema: mkono mmoja haulei mwana. Kijijini alikuwapo bibi, shangazi na mke wa kaka. Mjini tumebaki na chumba kimoja au viwili, mlango umefungwa, na mkono ni ule mmoja.

Dalili za kuangalia

Mama, jichunguze. Je, unapiga kelele au kuchapa mtoto kwa kosa dogo, kisha unalia peke yako? Je, unapitiliza kituo kwa sababu hukutaka kufika nyumbani? Je, umeanza kusahau mambo, unaumwa kichwa kila mara, au hupati usingizi ingawa umechoka? Je, mumeo akikugusa unaona kama umeongezewa kazi nyingine? Dalili hizi zikiendelea kwa wiki nyingi, usingoje uanguke.

Kwanza fika kituo cha afya upimwe. Si kila uchovu unatokana na kazi. Upungufu wa damu, malaria, kisukari na ugonjwa wa sonona vyote huleta uchovu, na vyote vina matibabu. Mama aliyejifungua karibuni awe mwangalifu zaidi. Na kama kuna mama anayewaza kuwa heri afe, au anayeogopa kwamba atamdhuru mwanawe, asikae na siri hiyo hata siku moja. Amwambie mtu anayemwamini ampeleke hospitali, iwe Amana au nyingine iliyo karibu. Hapo hakuna aibu.

Tufanye nini?

Kumwambia mama wa Vingunguti akapumzike ufukweni ni kumtania. Nauli ataitoa wapi, na watoto atamwachia nani? Dawa ya mzigo mzito ni kuupunguza. Tunaona njia hizi zinawezekana.

Mosi, tuuhesabu mzigo wenyewe. Chukua karatasi uandike kila kazi unayofanya tangu kuamka hadi kulala. Kisha zungumza na baba watoto, si usiku mkiwa mmechoka wote, bali siku ya mapumziko mkiwa mmetulia. Mweleze kwa hesabu, usimweleze kwa malalamiko. Waume wengi hawajapata kuuona mzigo huu ukiwa umeandikwa mahali pamoja. Mwombe achukue kazi mbili au tatu ziwe zake kabisa, mathalani maji na madaftari ya watoto, bila wewe kumkumbusha. Na akizifanya kwa namna yake, usizirudie nyuma yake.

Pili, watoto wafanye kazi, wavulana pia. Mtoto wa kiume wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo na kufua soksi zake. Tuwe waangalifu tusimtwishe mzigo wote binti wa kwanza. Mama akipumzika kwa sababu binti ameacha kusoma, mzigo haujapungua, umehamia tu kwenye kichwa kidogo zaidi.

Maneno hayo yanamhusu na dada wa kazi. Wengi wetu tunakwenda kazini kwa sababu yuko msichana aliyebaki na mtoto. Yeye naye huamka alfajiri na kulala wa mwisho. Ni mfanyakazi, na sheria inampa haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Tena sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Haifai kuutua uchovu wetu juu ya mtoto wa mwenzetu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani wa mwingine huonekana mwepesi.

Tatu, tuzijue haki zetu kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, amnyonyeshe mtoto. Wako akina mama wanaouza likizo zao kila mwaka ili walipe ada. Tunaielewa shida hiyo, lakini tukumbuke kuwa mwili nao unadai ada yake.

Nne, tusaidiane majirani. Katika nyumba za kupanga tunaishi familia nne au tano kwenye ua mmoja, na kila asubuhi kila mama anakimbia peke yake kumpeleka mwanawe shule. Mbona fedha tunachezeana upatu bila shida? Tucheze na upatu wa nguvu. Wiki hii mama mmoja awapeleke watoto wote, wiki ijayo mwingine. Jumamosi moja mmoja awaangalie wa wenzake kwa saa tatu, wenzake walale. Mama anayelea peke yake, bila mume, ndiye awe wa kwanza kuingizwa katika upatu huo.

Tano, tujifunze kusema hapana, hata kwa mambo mema. Kwaya, jumuiya, kikao cha harusi, kikoba na kamati ya shule vyote ni vyema. Lakini mama mmoja hawezi kuwa katibu wa vyote. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 18 tunasoma jinsi Musa alivyokaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Mkwewe Yethro alipoona, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia jambo hilo si jema, na kwamba litamchosha yeye pamoja na watu anaowahudumia. Hakumshauri aongeze uvumilivu. Alimshauri agawe kazi. Musa akasikia, na kazi ya Mungu haikusimama.

Mpaka hapo, akina mama, tunaona tatizo letu kubwa mara nyingine ni sifa. Tunapenda kuambiwa kuwa fulani ni mama shujaa, hachoki. Ngoma ikilia sana hupasuka. Watoto wetu hawana haja na mama asiyechoka. Wanamhitaji mama aliye hai, mwenye afya, anayeweza kukaa nao jioni na kucheka.

Basi mwezi huu anza na jambo moja tu. Chagua kazi moja katika karatasi yako, umpe mwingine, na saa utakayoipata uitumie kulala. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya namna ya kupanga fedha za ada bila kuuza likizo.